Mkono Uko Kazini, Moyo Uko Wapi?



Hapa Kiwanja twasikia maneno yale yale kila asubuhi. Mwenye kinu cha mashini asema: "Vijana wa siku hizi hawana akili ya kazi. Ukiwapa kisogo kidogo tu, unga umemwagika." Kapita wa machimbo asema: "Nimesema mara tatu, hawasikii." Mkuu wa shule asema: "Mwalimu yuko mbele ya watoto, lakini macho yake yako dirishani." Na jioni, mabwana hao wakiisha kufunga milango, wafanyakazi nao wanasema yao: "Natoka nyumbani kabla ya jua, narudi usiku, na malipo yangu ni kuitwa mvivu."

Leo twataka kusema juu ya jambo hili bila kumpaka mtu yeyote mafuta, wala patroni wala mfanyakazi. Maana ni jambo kubwa. Unga uliomwagika unaweza kuzolewa. Lakini mkanda wa kinu ukikamata kidole, hakirudi. Mwuguzi akisoma vibaya kipimo cha dawa, mama wa watu anazikwa. Na mchimbaji aliye chini ya ardhi, akikosa kusikia udongo unaanza kudondoka juu ya kichwa chake, hana nafasi ya pili. Kwa watu wa namna hiyo, kuweka moyo kazini ni uhai wenyewe.

Basi neno letu ni hili: moyo wa mtu huenda pale penye shida yake. Anayetaka moyo wa mfanyakazi uwe kazini, na aanze kuiondoa ile shida inayouvuta nje. Makelele hayaurudishi moyo. Faini hairudishi. Hata kiboko, ambacho baba zetu walikijua mpaka miaka ya 1950, kiliweza kurudisha mkono tu. Moyo haukurudi.

Tutazameni mfano mmoja. Yuko mtu ashonaye nguo kwa mtu mwingine, karibu na soko. Tarehe ya mshahara ilikuwa mwisho wa mwezi. Mwezi umekwisha, patroni asema, "Rudi Jumatatu." Jumatatu asema, "Rudi Alhamisi." Nyumbani mwenye nyumba amekuja mara mbili. Mtoto amerudishwa kutoka shuleni. Duka la jirani limefunga daftari la deni. Sasa mtu huyo ameketi mbele ya cherehani, na mguu wake unakanyaga kama kawaida. Lakini kichwani mwake anapiga hesabu: nikipata nusu, nimpe nani kwanza? Mwenye nyumba au mwenye duka? Na akina mama watakula nini kesho? Ghafula mshono umekwenda upande, kitambaa kimeharibika. Patroni anapiga kelele: "Huna akili!" Siyo kweli, bwana. Akili anayo, na inafanya kazi sana. Inafanya kazi ile uliyomwachia wewe siku ulipomwambia arudi Alhamisi.

Huenda mtu akasema haya ni maneno ya kuwatetea wavivu. Basi tumwonyeshe mambo yaliyopimwa na wenye elimu, tena si kwa watu wa Ulaya wenye mali, bali kwa maskini kama sisi.

Katika nchi ya Uhindi, jimbo la Odisha, wako watu ambao kazi yao ni kushona sahani kwa majani ya miti, sahani za kulia mara moja na kutupa. Hulipwa kwa hesabu ya sahani. Wataalamu wa uchumi waliwachukua wafanyakazi wa namna hiyo katika majira ya shida, wakati kazi ni chache na madeni ni mengi. Malipo yalikuwa sawasawa kwa wote. Lakini wengine walipewa sehemu kubwa ya fedha yao mapema, na wengine wakangojea mpaka mwisho. Waliopewa mapema walikwenda wakalipa madeni, wakanunua chakula cha nyumbani. Kesho yake wakaja kazini. Je, walilegea kwa sababu wameisha kupata fedha? Hapana! Walishona sahani nyingi zaidi kuliko wenzao, na makosa yao yakapungua. Tena waliokuwa maskini zaidi ndio walioongeza zaidi. Mshahara haukuongezwa hata senti moja. Ilibadilishwa siku ya kuutoa tu.

Katika Uhindi hiyo hiyo, upande wa Tamil Nadu, wataalamu waliwapima wakulima wa miwa kabla ya mavuno na baada ya mavuno. Habari yao ilichapishwa mwaka 2013. Mkulima yule yule, kichwa kile kile, alishindwa na maswali kabla ya mavuno wakati mfuko umekauka, akayaweza vizuri zaidi baada ya kuuza miwa yake. Hakuenda shule katikati. Mzigo tu ulikuwa umeondoka kichwani mwake.

Ndugu, habari hii bibi zetu waliijua bila kupima. Walisema mwenye njaa hana miiko. Na sisi twaongeza: mwenye deni hana masikio.

Tena haya hayakuanza leo, wala hayako Uhindi tu. Katika Kongo yetu yako mambo ya kujifunza. Katika miaka ya mwanzo ya kampuni ya Union Minière du Haut Katanga, watu waliletwa kutoka mbali kwa mikataba mifupi. Waliwekwa kambini bila wake zao, wakalala wamesongamana, wakala vibaya. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengine walitoroka. Aliyeanza kuizoea kazi, mkataba wake ulikwisha, akaondoka, akaja mwingine asiyejua kitu. Wazungu wale walisema Mwafrika hana moyo wa kazi.

Halafu wakapiga hesabu. Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 kampuni ikageuza mwendo. Ikatoa mikataba ya miaka 3, ikamruhusu mtu aje na mke na watoto, ikajenga nyumba, hospitali na shule, ikatoa posho ya chakula. Wala tusidanganyane: hawakufanya hivyo kwa kutupenda. Posho ile ilikuwa pia kamba ya kumfunga mtu kambini, na macho ya kampuni yaliingia hata nyumbani mwake. Lakini mashahidi wake ni hao hao wenye mali: waliona ya kuwa mtu aliyelala na jamaa yake, akala, na ambaye mtoto wake anatibiwa, hafanyi kazi kama yule anayewaza usiku kucha kama mke wake yungali hai. Watu walewale walioitwa hawana moyo wakawa mafundi wa mashini.

Walakini kampuni hiyo ilisahau jambo moja. Vita kuu ya pili ilipokuja, bei za vitu zilipanda, kazi iliongezwa, na mshahara ukabaki nyuma. Mwezi wa Desemba mwaka 1941 wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira huko Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, askari waliwapiga risasi, watu wengi wakafa. Mtu yeyote anayedhani nyumba na posho zatosha, na mshahara waweza kungojea, na akumbuke uwanja ule.

Sasa turudi kwetu Kiwanja, maana hapa tunayo shida nyingine ambayo vitabu vya mabwana wa kazi havikuiandika: hofu.

Mji wetu uko karibu na Rutshuru, barabara ya kutoka Goma inapogawanyika, moja kwenda Ishasha na Uganda, nyingine kwenda Kanyabayonga. Barabara hiyo ndiyo inayotupa riziki, na ndiyo inayotuletea vita. Tarehe 4 na 5 Novemba 2008 watu wapatao 150 waliuawa katika mji huu, na nyumba nyingi hapa zinayo majina ya kutaja. Mwezi wa Oktoba 2022 mji uliingia mikononi mwa M23. Januari 2025 Goma nayo ikaangukia huko huko, mabanki yakafunga milango, na watu wenye mshahara wakabaki hawana dirisha la kuuchukulia. Wako waliotekwa njiani wakienda shamba, na jamaa zao wakauza ng'ombe kuwakomboa.

Mtu aliyeishi mambo haya, akisikia pikipiki imelia vibaya barabarani, mkono wake unasimama. Hii si tabia mbaya. Ni mwili unaokumbuka. Mwalimu akiona watoto wote wamegeuza vichwa dirishani kwa mlio mmoja, asichukue fimbo. Na anyamaze kidogo, atazame nje yeye mwenyewe, awaambie: "Ni gari la viazi. Turudi kwenye hesabu." Maneno hayo machache yana nguvu kuliko fimbo kumi, kwa sababu yanaondoa kile kilichowavuta. Hali kadhalika patroni wa kiwanda au wa duka. Ikiwa kuna habari mbaya mjini, awaeleze watu wake anachokijua, na awaambie mapema: "Leo tutafunga saa tisa ili mfike nyumbani kungali mchana." Saa mbili alizopoteza jioni amezipata zote mchana, maana watu wake hawakuketi wakitazama jua.

Twajua jibu la mabwana. Watasema: "Maneno mazuri, lakini fedha iko wapi? Biashara imekufa, njia imefungwa, ushuru ni mwingi. Nitalipaje tarehe 30 nisicho nacho?" Jibu hilo lina ukweli ndani yake, wala hatulidharau. Lakini twawaambia ya kuwa mambo mengi yanayouponya moyo wa mfanyakazi hayana bei kubwa. Tuyahesabu.

Kwanza, tarehe ya kweli. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 yataka mshahara utolewe kwa vipindi visivyozidi mwezi mmoja. Lakini kama huwezi, usiseme "rudi Jumatatu" huku ukijua Jumatatu hakuna kitu. Mwite mtu, mwambie: "Nitakupa nusu tarehe 5 na nusu tarehe 15." Halafu ushike neno lako. Mtu akijua siku, aweza kwenda kwa mwenye nyumba akamwambia, na moyo ukatulia. Ahadi za uongo humla mtu kuliko umaskini wenyewe. Na yule awezaye kulipa kila juma badala ya kila mwezi, na alipe kila juma. Fedha ni ile ile, na mkopo wa riba dukani unakwisha.

Pili, chakula cha mchana. Mtu aliyekunywa chai kavu saa kumi na mbili, ikifika saa nane macho yake yanafunga. Sufuria ya maharagi na ugali kwa watu kumi haimfilisi patroni. Gunia moja la unga lililoharibika lina gharama zaidi. Na maharagi hayakosekani hapa Rutshuru, twayalima wenyewe!

Tatu, masaa na mapumziko. Mwaka 1919 mataifa yalipatana huko Washington juu ya kazi ya masaa 8 kwa siku katika viwanda. Hawakufanya hivyo kwa huruma peke yake. Katika vita kuu ya kwanza, Uingereza iliwatumikisha watu wa viwanda vya silaha masaa mengi mno, hata Jumapili. Kamati iliyowekwa mwaka 1915 kuchunguza afya yao iliona ya kuwa masaa yakipunguzwa kazi haipungui, na pengine inaongezeka, kwa sababu mtu aliyechoka anaharibu na kurudia. Kwetu sheria yasema masaa 45 kwa juma, na 9 kwa siku. Wangapi hapa mjini wanaifuata? Wenye maduka wanamweka kijana toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, halafu wanashangaa hesabu za jioni haziingiani! Punda afe mzigo ufike, wasema. Lakini punda akifa, mzigo haufiki.

Nne, mwenye kuamuru awe mmoja. Katika kazi nyingi twaona hivi: kapita asema beba mawe, mtoto wa patroni asema acha mawe nenda sokoni, mke wa patroni asema kwanza nichotee maji. Jioni patroni anauliza: "Mawe yako wapi?" Mtu huyo amefanya kazi tatu nusu nusu, na hana hata moja. Mpe mtu kazi moja, mwonyeshe mwisho wake, mwache aimalize. Wako wataalamu wa Marekani waliofuata watu maofisini wakitazama saa, wakaona ya kuwa mtu aliyekatizwa huchukua dakika zaidi ya 20 kabla ya kuirudia kazi yake ya kwanza. Basi patroni anayemwita karani wake kila nusu saa kumwuliza habari za jana, na ajue ya kuwa ndiye mwizi wa kwanza wa masaa yake mwenyewe.

Tano, msiba. Mtu akifiwa, mpe siku zake. Kumshika kazini siku ya mazishi ni kumshika maiti wa pili.

Sasa tuwageukie ndugu zetu wa machimbo, maana kwao neno hili ni zito zaidi. Vijana wengi wa wilaya yetu wamekwenda kuchimba, wengine hapa karibu, wengine koltani ya Rubaya kule Masisi. Twajua namna ya kazi ile. Mwenye shimo, yule wamwitaye PDG, anawapa vyombo na chakula kwa mkopo. Mnachimba majuma mengi bila kuona franka. Madini yakitoka, kwanza mikopo inakatwa, halafu ushuru, halafu wenye bunduki wanataka chao, na kinachobaki mnagawana. Kwa hiyo kijana akiwa ndani ya shimo anawaza kitu kimoja: nifike kwenye mshipa wa madini kabla deni halijanimeza. Kichwa cha namna hiyo hakisikii mbao zikilia. Hakioni maji yanayoingia ukutani. Kanuni za nchi hazimruhusu mchimbaji wa mkono kushuka chini ya metre 30, lakini deni linamsukuma kushuka. Machimbo ya Rubaya yamewafukia watu zaidi ya mara moja, hasa wakati wa mvua. Kila mara twasikia wakisema: "Hawakuwa waangalifu." Nani angekuwa mwangalifu katika hali hiyo?

Twawaambia wenye mashimo: kama mwataka wachimbaji wenye macho, wapeni sehemu ya malipo kila juma, andikeni mikopo katika daftari ambalo mchimbaji naye aweza kulisoma, na mwekeni mtu mmoja juu ya shimo ambaye kazi yake ni kutazama udongo na mvua tu, naye alipwe kama wenzake hata siku isiyo na madini. Akisema tokeni, mtoke wote, na asitukanwe kama udongo haukuanguka. Shimo lisiloanguka baada ya watu kutoka si hasara.

Lakini, ndugu wafanyakazi, tusiishie kuwanyoshea mabwana kidole. Nasi tunayo sehemu yetu, na haitakuwa haki tukiinyamazia.

Liko jambo la simu. Patroni amelipa, chakula kimepikwa, na bado twamwona mtu amesimamisha kazi mara ishirini kwa siku kutazama picha na maneno ya watu walioko mbali. Twajua simu ina faida: ndiyo inayotuambia kama njia ni salama, ndiyo inayoleta fedha ya ndugu aliye Kampala au Ulaya. Lakini mshika mbili moja humponyoka. Mpatane kazini: simu ziwekwe mahali pamoja, mtu mmoja awe na yake wazi kwa habari za hatari, na wakati wa chakula kila mtu aangalie ya kwake. Hivyo hofu inapungua, maana unajua habari kubwa itakufikia, na kazi inakwenda. Dereva wa pikipiki anayeandika ujumbe huku amepakia mama na mtoto, huyo hatuna la kumtetea.

Liko jambo la pombe. Kasiksi ya jioni pamoja na marafiki si dhambi ya nchi. Lakini kanyanga asubuhi kabla ya kushuka shimoni au kushika usukani ni kifo, tena si chako peke yako. Wenzako walio nyuma yako hawakunywa.

Na liko jambo la siri. Mara nyingi mtu ana shida, mtoto amelazwa hospitalini Rutshuru, na hasemi kwa mtu. Anakaa nayo kama mtu aliyemeza mwiba. Kazi inaharibika, wenzake wanachukia, patroni anakata fedha, na shida inazaa shida. Ndugu, sema! Mwambie mwenzako wa karibu. Ndiyo sababu tunazo likelemba zetu. Watu kumi wa kazi moja wakiweka kidogo kidogo kila juma, akapewa mmoja kwa zamu, na aliyepatwa na ugonjwa akasogezwa mbele, shida nyingi zinakwisha kabla hazijafika kwenye mashini. Chama kidogo cha namna hiyo hufanya kazi kuliko hotuba mia za kapita.

Twamjua msukuma chukudu mmoja hapa mjini, mzee sasa. Twalimwuliza namna gani ameshuka milima miaka mingi na mzigo wa magunia bila kuanguka. Alicheka, akasema: "Kabla sijatoka nyumbani nahakikisha vitu viwili: kwamba breki inashika, na kwamba mke wangu ana kitu cha kupika. Nikiacha kimoja, naanguka." Mzee huyu hakusoma vitabu vya wataalamu, lakini mabwana wengi wenye ofisi wanaweza kwenda kwake kujifunza.

Basi twamaliza. Kila patroni, kila mwenye shimo, kila mkuu wa shule aliyezoea kusema "watu wangu hawana moyo wa kazi", leo jioni na ajiulize maswali matatu tu. Je, nimewaambia ukweli juu ya siku ya malipo? Je, wamekula? Je, wanajua watafika nyumbani salama? Kama jibu la moja ni hapana, hapo ndipo ulipo moyo anaoutafuta. Akautafute pale, asiutafute kwa makelele.

Na wewe, ndugu mfanyakazi, ukiisha kupewa haki yako, mshahara ukafika kwa siku yake na chakula kikapikwa, usiwe na kisingizio. Shika kazi kwa mikono miwili na macho yote mawili. Unga usimwagike, mshono usiende upande, na udongo ukidondoka, uwe wa kwanza kuusikia.